Kuaga Boma na Zawadi za Mkono: Mazungumzo ya Disemba kwa Wakazi wa Ndanai

 

Mazungumzo haya yana mambo mawili. La kwanza ni zawadi za sikukuu, hasa zile zinazotengenezwa kwa mkono katika vijiji vya kaunti hii na kwa majirani. La pili ni kuaga boma ambalo mtu alizaliwa na kulelewa, linapogawanywa, linapouzwa au linapobaki bila mtu. Mambo haya mawili yamewekwa pamoja kwa sababu Ndanai huyapokea mwezi mmoja. Disemba ndio mwezi wa kupeana, na Disemba ndio mwezi ambao familia hukaa kikao kuhusu shamba.

Kila mkazi anaujua mwendo wa sikukuu. Magari kutoka Nairobi, Nakuru na Kericho huteremsha watu Kaplong na Sotik, kisha bodaboda humalizia safari. Anayekuja hubeba sukari, mkate, mafuta ya kupikia, leso ya mama na blanketi ya kogo. Anaporudi mjini Januari, hubebeshwa mahindi, maharagwe, kuku aliyefungwa miguu na kibuyu cha mursik. Aliyetoka mjini ameleta vya dukani, naye amepewa vya nyumbani. Hivi ndivyo watu wa hapa wanavyoambiana kwamba bado ni jamaa.

Lakini katika wiki hiyohiyo, mara nyingi siku ya pili ya Krismasi, sebuleni huitishwa kikao. Ndugu wote wapo, na huenda wasikutane tena kwa mwaka mzima. Basi suala la shamba huletwa mezani kwa haraka, chai ikiwa bado moto. Baadhi ya familia hutoka hapo zimeelewana. Nyingine hutoka hapo haziongei, na mwaka unaofuata hakuna anayerudi.

Tuseme kuna boma moja la ekari 4. Mfano huu si wa familia yoyote mahsusi, bali wengi watautambua. Mzee alifariki, na hati miliki bado ina jina lake. Mama anaishi hapo na mjukuu mmoja anayesoma. Watoto ni watano: wana wawili na mabinti watatu. Mmoja yuko Nairobi, mmoja Doha, mmoja ameolewa Konoin, mmoja anafanya kazi Kericho, na kitinda mimba yuko karibu na nyumbani lakini hana kazi ya kudumu. Kifungua mimba amepata mnunuzi mwenye pesa taslimu. Anataka mama ahamie mjini, shamba liuzwe, pesa zigawanywe kabla ya Mwaka Mpya.

Familia hiyo ina maswali mawili. Moja ni la sheria: nani ana haki ya kuuza? Lingine si la mahakama: boma linaagwaje? Familia nyingi huruka swali la pili, kisha hugombana kwa miaka zikidhani zinagombania la kwanza.

Kuaga boma si jambo geni katika nchi hii ya chai. Utamaduni wa Wakipsigis una njia zake. Mvulana anayeingia menjo Disemba anajua kwamba akitoka hatalala tena katika nyumba ya mama yake kama mtoto. Binti anayefanyiwa koito anajua kwamba wazee wanakaa kuzungumza juu ya kuondoka kwake. Katika mambo yote mawili kuna siku inayojulikana, kuna mashahidi, kuna kinachotolewa na kinachopokelewa. Mtu haondoki kimyakimya.

Wengine hawakupewa nafasi hiyo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha Laibon, na familia za ukoo wa Talai zikaondolewa katika nchi ya Wakipsigis na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria. Walikaa huko hadi 1962, na wengi hawakuyapata tena mashamba waliyoyaacha. Kabla ya hapo, familia nyingine za Kericho na Sotik zilikuwa zimehamishwa kupisha mashamba ya walowezi na, kuanzia miaka ya 1920, kampuni kubwa za chai. Hadi leo dai la haki ya ardhi hizo limo midomoni mwa wazee. Sehemu ya uchungu wake ni kwamba watu waliondolewa bila kuulizwa na bila kuaga.

Kuna pia watoto wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi katika mashamba ya chai. Mtoto huzaliwa hapo, husoma hapo, na huliita pale nyumbani. Siku mzazi anapostaafu au kazi inapokwisha, nyumba hurudi kwa mwenye shamba. Huko hakuna cha kugawanya. Kinachobaki ni vyombo vinavyopakiwa kwenye lori. Kwa familia kama hiyo, kigoda na kibuyu ndivyo vinavyobaki kuonyesha kwamba kulikuwa na nyumba.

Hapo ndipo zawadi za mkono zinapoingia katika mazungumzo haya.

Kibuyu cha mursik, sotet kwa Kikipsigis, kinajulikana Kenya nzima. Ndicho ambacho wanariadha hupokelewa nacho uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Lakini si kila anayekinunua anajua kazi iliyomo. Mbegu hupandwa mvua zinapoanza. Mmea hutambaa, matunda huachwa yakomae na kukauka. Kisha tunda hukatwa mdomo, hulowekwa maji mpaka nyama ya ndani ilainike, mbegu hutolewa, na ndani hukwanguliwa na kusuuzwa mara nyingi mpaka uchungu wa kibuyu kipya uishe. Hukaushwa tena. Ndipo huwekwa mfuniko wa ngozi na kupambwa kwa shanga au kauri. Kwa hiyo kibuyu kinachouzwa Disemba kilianza shambani miezi mingi kabla. Hakiwezi kuagizwa Jumatatu kikawa tayari Ijumaa.

Kabla ya kutiwa maziwa, kibuyu husafishwa kwa sosiot, ule ufito wa mkindu. Kijiti cha senetwet, kichaka chenye maua ya manjano kinachoota kando ya njia, huchomwa, na kaa lake husuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zipake masizi. Masizi hayo ndiyo yanayoyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu ambayo mtu wa Ndanai aliye mbali huikumbuka kabla ya kukumbuka jina la barabara.

Mbali na kibuyu kuna kisyet, kikapu kidogo cha kuwekea ugali. Kuna vigoda vinavyochongwa kutoka kipande kimoja cha mti. Kuna mikufu, mikanda na bangili za shanga, ambazo akina mama wengi hushona jioni baada ya kukamua. Kwa majirani wa Kisii kuna mawe ya Tabaka, yanayochongwa kuwa bakuli, sahani na wanyama, kisha kusuguliwa mpaka yang'ae. Mpaka wa Sotik na Borabu umewahi kuwa na siku mbaya za wizi wa ng'ombe na ugomvi. Mama wa Sotik anayemnunulia mwanawe bakuli la Tabaka, na mama wa Borabu anayekuja Sotik kutafuta kibuyu, hulinda amani kwa njia ambayo haihitaji mkutano.

Kwa anayenunua, haya ni ya kuzingatia.

Kibuyu kiinuliwe kielekee mwanga na kichunguzwe nyufa. Ufa ulioshonwa vizuri si dosari, maana vibuyu vya nyumbani hushonwa vikipasuka na huendelea kutumika miaka mingi. Ufa ulioziba kwa gundi ya dukani ni jambo jingine, hasa kama kibuyu kitatiwa maziwa. Kinuswe ndani: kisiwe na harufu ya rangi wala ya ukungu. Mfuniko ukae sawasawa. Muuzaji aulizwe kama kimeshatolewa uchungu au bado.

Shanga zivutwe kidogo kuona kama uzi ni imara. Kikapu kibonyezwe na kuangaliwa kama kinarudi katika umbo lake. Kigoda kiwekwe chini na kukaliwa, kwa sababu mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka ukikauka. Jiwe la Tabaka lifungwe kwa nguo au magazeti, kwani likianguka huvunjika.

Bei ni suala la heshima. Anayenunua kwa mtengenezaji mwenyewe na amuulize ilimchukua siku ngapi, kisha azigawe pesa kwa siku hizo. Wengi watagundua kwamba wanaomba kupunguziwa bei ambayo tayari iko chini ya kibarua cha kuchuma chai. Anayeagiza kitu cha pekee alipe sehemu mapema, ili fundi asinunue shanga na ngozi kwa deni. Naye fundi aseme ukweli kuhusu siku ya kumaliza. Mteja aliyedanganywa Disemba moja hatarudi Disemba nyingine.

Kwa wenye jamaa ng'ambo: kibuyu kisafiri kikiwa kitupu, kikavu na bila mbegu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka nchi kama Kenya kuingia na maziwa, na nchi nyingine zina masharti makali juu ya mbegu, ngozi na mimea. Ulizeni masharti ya nchi husika kabla ya kufunga mzigo. Inasikitisha kuona kibuyu cha mama kikitupwa kwenye pipa la uwanja wa ndege.

Sasa turudi kwenye boma la ekari 4, tuanze na sheria, kwa kuwa haraka ya mnunuzi ndiyo inayowasukuma wengi.

Mzee alifariki bila wosia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inasema wazi kwamba mjane mwenye watoto anapata vyombo vya nyumbani na vitu binafsi vya marehemu viwe vyake kabisa. Maana yake ni kwamba vigoda, vibuyu, sufuria, kabati, kitanda na redio ya mzee ni mali ya mama. Mwana anayeingia nyumbani baada ya mazishi na kubeba kiti cha baba bila idhini ya mama amechukua mali ya mtu mwingine, hata kama ni kifungua mimba.

Kuhusu mali iliyobaki, pamoja na shamba, mama ana haki ya kuitumia maisha yake yote. Hawezi kufukuzwa. Yeye mwenyewe naye hawezi kuliuza kwa neno lake tu: sheria inataka, kwa ardhi, idhini ya mahakama kila mara. Mama akifariki, mali hugawanywa sawa kwa watoto. Sheria imesema watoto, haikusema wana. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliyokaa Eldoret, katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliamua kwamba mabinti wa familia hiyo hawawezi kunyimwa urithi kwa hoja kwamba wataolewa. Katiba ya 2010 imetia nguvu msimamo huo. Kwa hiyo yule binti aliyeolewa Konoin ana kiti katika kikao cha siku ya pili ya Krismasi sawa na ndugu zake, na sahihi yake inahitajika.

Je, kifungua mimba anaweza kupokea pesa za mnunuzi wiki hii? Hapana. Hati ina jina la marehemu, na hakuna aliyepewa mamlaka na mahakama. Kuuza au kugawa mali ya marehemu bila mamlaka hayo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Naye mnunuzi anabaki ameshika karatasi isiyo na nguvu. Kesi nyingi za ardhi huanza hivyo, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye daftari la shule.

Njia halali ni hii. Familia huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwatambua warithi wote, wake wote na watoto wote. Barua hiyo na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani pamoja na maombi. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza mirathi ya mali isiyozidi thamani ya shilingi milioni 20. Inayozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida husubiriwa miezi 6 kabla mahakama haijathibitisha mgao. Baada ya hapo ndipo ardhi huhamishwa. Kama ni kuuza shamba la kilimo, ridhaa ya bodi ya ardhi inahitajika, na maombi yake yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanywe.

Kwa hesabu hiyo, hakuna shamba la marehemu ambalo linaweza kuuzwa kihalali kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Anayesema linawezekana aulizwe maswali.

Kwa wazazi walio hai, mambo ni mepesi zaidi, ndiyo maana inafaa wasikie. Mwenye shamba anaweza kuandika wosia. Aliye na miaka 18 na akili timamu anaruhusiwa. Wosia wa maandishi utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili, na ni vyema mashahidi hao wasiwe watakaorithi. Wosia wa mdomo, ambao wazee wengi huutegemea, una mipaka: utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na huwa na nguvu tu kama aliyeutamka atafariki ndani ya miezi 3. Mzee aliyewaambia wanawe chini ya mti miaka 10 iliyopita nani achukue wapi, mbele ya sheria hajaacha wosia. Anayetaka kugawa shamba angali hai anaweza pia, lakini mwenzi wake wa ndoa atoe idhini na bodi ya ardhi itoe ridhaa.

Hiyo ndiyo sheria. Sasa swali la pili, la kuaga.

Kwa kuwa shamba halitauzwa wiki hii, familia ya mfano wetu ina muda. Muda huo usipotezwe kwa kununiana. Huenda mwishowe wataamua kuuza, kwa kukubaliana wote na mama akitaka. Huenda kitinda mimba atabaki hapo, kama desturi ya wengi inavyompa mtoto wa mwisho nyumba ya mama. Huenda mama atasema haondoki, na neno lake likaheshimiwa. Vyovyote itakavyokuwa, boma la utotoni la watoto wale watano halitabaki kama lilivyokuwa. Kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa Disemba hii na ambayo hayahitaji wakili.

Kwanza, watembee na mama. Wazunguke mpaka wa shamba, kutoka jiwe hadi jiwe, na wajukuu wakiwemo. Mama anajua nani alipanda mti upi, ng'ombe wa kwanza alifungwa wapi, kisima cha zamani kilikuwa wapi. Simu iliyo mfukoni inaweza kurekodi sauti yake. Mambo hayo hayamo kwenye hati miliki, na mara nyingi ndiyo yanayomaliza ubishi wa mipaka kabla haujafika kwa chifu.

Pili, vyombo vya mama vitolewe na mama. Sheria imempa, naye ana mkono. Kama anataka kibuyu kikubwa kiende Doha, kigoda cha mzee kibaki kwa kitinda mimba, na kisyet kiende Konoin, aseme mwenyewe, ampe kila mmoja mbele ya wengine. Kinachotolewa hivyo hakigombaniwi. Na kama hataki kutoa chochote mwaka huu, vitu vikae.

Tatu, wachukue mbegu. Mbegu za kibuyu hazina uzito, na hapa nchini zinaweza kupelekwa popote. Anayehamia Nakuru au Kericho anaweza kupanda kibuyu kwenye ua na senetwet penye nafasi. Anayebaki na mahali pa kupanda atakuwa na zawadi za kutengeneza miaka ijayo, na wajukuu watajifunza kwa mkono, si kwa picha.

Nne, wakumbuke makaburi. Baba amezikwa pale. Kama siku moja ardhi itauzwa, mnunuzi akishapata hati, njia ya familia kwenda kaburini haijiandiki yenyewe. Iandikwe kwenye makubaliano, sehemu ipimwe, pande zote zitie sahihi. Familia zilizoona haya kuzungumzia jambo hilo siku ya kuuza zimejikuta zikiomba ruhusa langoni siku ya kumbukumbu.

Tano, wawaage majirani. Boma halijengwi na familia peke yake. Kuna aliyekopesha jembe, kuna aliyekimbiza mtoto hospitalini usiku, kuna aliyeshika ng'ombe walipotoroka. Hapo zawadi ya mkono ina mahali pake: bangili kwa mama wa ng'ambo ya kijito, kigoda kwa mzee aliyekuwa shahidi wa mpaka. Hata kama familia inabaki, majirani hao ndio watakaoitwa mashahidi.

Sita, mama akikubali kuhama, ahame na vitu vyake. Mzee anayetolewa Ndanai akawekwa katika chumba cha mjini chenye kila kitu kipya huchakaa haraka. Apewe mahali pa kuweka vibuyu vyake, sehemu ya kupanda mboga hata kama ni ndogo, na nauli ya kurudi kutembea. Aulizwe, asiarifiwe.

Watoto waliozaliwa mjini wanaweza kuuliza yote haya ni ya nini. Jibu wamelibeba katika majina yao. Kiprono na Cherono ni waliozaliwa jioni mbuzi wakirudi bomani. Kipkoech na Chepkoech walizaliwa kukipambazuka. Kipkemoi na Chepkemoi walizaliwa usiku. Kiptoo na Cheptoo walizaliwa wageni walipofika. Kipsang na Chesang walizaliwa nje ya nyumba. Mtoto wa Nairobi anayeitwa Cherono huenda hajawahi kuwaona mbuzi wakirudi, lakini mwalimu wake humwita kila asubuhi kwa saa ya jioni ya boma fulani. Hata ramani ya kaunti inasema hivyo: Kapletundo, Kaplong, na majina mengine mengi yanayoanza na Kap, yaani nyumbani kwa fulani. Mchukueni mtoto huyo Disemba hii akaone jina lake lilitoka wapi, wakati mahali penyewe pangalipo.

Kwa ufupi, ndugu wananchi: zawadi nunueni kwa waliozitengeneza, mapema, kwa bei ya haki. Kikao cha shamba kiiteni kwa utulivu, mama akiwa amekaa mbele na mabinti wakiwemo. Pesa za mnunuzi zisipokelewe kabla ya mahakama kutoa mamlaka. Wazazi walio hai waandike wosia wakiwa na nguvu. Na kama boma ni la kuagwa, liagwe na watu wote walilolelewa humo, mchana, kwa kupeana.

Kwa masuala ya mirathi, anzeni katika ofisi ya chifu wa lokesheni yenu, kisha masjala ya mahakama. Kwa masuala ya ridhaa ya kuuza au kugawa shamba la kilimo, ulizeni siku ya kikao cha bodi ya ardhi katika ofisi ya kaunti ndogo. Maafisa wa wadi wanaweza kuwaelekeza wasiojua pa kuanzia, na kuuliza hakulipiwi.